Vyuo Viwili, na Neno Ambalo Hukuliacha

Baba,

Tumemaliza kupura ndengu. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuvua kofia. Zile ulizoziacha zimeanikwa kwenye turubai kando ya banda la kuku zilikaa pale siku zote za matanga, na watu walizipita kando polepole, kana kwamba nazo zilikuwa zimefiwa. Mama hakutaka ziguswe. Kisha asubuhi moja wanawake wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, walikuja bila kuitwa, kila mmoja na fimbo yake. Mama Kanini, yule mwenye mashine ya kusaga, alisimama mlangoni akasema, "Sisi hatukuja kukupa pole. Pole tulikupa. Tumekuja kupura." Wakapura hadi jua likageuka. Waliimba nyimbo za kanisani, na katika wimbo mmoja Mama aliitikia kabla hajakumbuka kwamba tangu tukuzike hajaimba. Alipokumbuka akanyamaza. Lakini aliitikia, Baba. Nilimsikia.

Nikuambie na mengine. Ng'ombe amezaa, ndama jike, mwekundu kama mama yake. Mwende amekataa simu yako izimwe. Huichaji kwa sola na kuiweka juu ya kabati, na watu ambao habari hazijawafikia bado hupiga kuuliza bei ya ndengu. Mwende hupokea. Husema, "Baba hayuko," nao humwambia, "Akirudi mwambie nilipiga." Mwende husema sawa. Mara ya kwanza nilitaka kumnyang'anya hiyo simu. Sasa nimemwacha. Bado ni mtoto, na hiyo sawa yake, Baba, sijui hata nimalizie vipi sentensi hii.

Lakini ninakuandikia kuhusu yale maneno ya chuo. Uliniambia tutayamaliza ukirudi kutoka Nuu.

Unakumbuka siku matokeo yalipotoka? Ujumbe uliingia kwenye simu yako tukiwa tumeketi nje, ukanipa niusome, kisha ukaniambia niusome tena, kisha ukaichukua simu ukausoma mwenyewe kwa sauti kama anayesoma matangazo kanisani. Halafu ukavaa viatu ukaondoka bila kusema unakwenda wapi. Mama alidhani umekwenda kununua soda. Uliporudi chakula kilikuwa kimepoa, sauti yako imekauka, na soda hukuwa nayo. Mama akakuuliza, "Umetoka wapi?" Ukasema, "Kathonzweni." "Kufanya nini?" Ukasema, "Hakuna." Sasa ndipo najua ulichokuwa ukifanya sokoni siku ile, na nitakuambia nilivyojua.

Kabla hujavaa viatu hivyo, nilipokueleza kwamba alama zangu zinanitosha kusomea uhandisi wa ujenzi, na kwamba vyuo viwili vya serikali vinaufundisha, majina yake marefu yalikuchosha papo hapo. Ukayabatiza. Kile cha upande wa milimani, kwenye mashamba ya chai, ukakiita Cha Juu. Kile cha upande wetu wa joto, ambacho mtu hupanda gari moja tu kutoka mjini Wote akafika, ukakiita Cha Chini. Tangu siku hiyo nyumba nzima, hata Mwende, haikutamka jina jingine.

Shida, kama ulivyoiona mwenyewe, ni kwamba vyuo hivyo vinafanana kama mayai. Miaka mitano huku, miaka mitano kule. Masomo yaleyale kwa mpangilio uleule. Vyote vinakubaliwa na bodi ya wahandisi. Cha Juu kina karakana za zamani na mabweni mengi, Cha Chini kina maabara mpya na mabweni machache. Nilikwenda hadi shuleni kumwuliza Mwalimu Musyoka aliyetufundisha fizikia. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Syombua, hivi viwili ukiviweka kwenye mizani, mizani haitasogea. Kwa hivyo usiniulize mimi. Mimi ni mtu wa mizani." Nilirudi nyumbani nimekasirika kidogo. Nilikuwa nimezoea mwalimu awe na jibu.

Nilipokueleza, ulicheka. Ukasema, "Basi mwaitu, ni wewe utasema."

Mwaitu. Mama yangu. Nimesikia neno hilo likitoka kinywani mwako tangu nijue kusikia, na nilikuwa mkubwa kidogo nilipogundua kwamba wasichana wengine hawaitwi hivyo na baba zao. Ni wale tu waliopewa jina la nyanya yao. Nyanya Syombua alikufa kabla sijazaliwa, nami nikaja na jina lake, na wewe ukafurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu. Watu wengine husema hivyo kwa mzaha tu. Wewe hukuwa na mzaha. Ulipokuwa na jambo gumu ulikuja kuniuliza, nami bado sijaota meno ya mbele. "Mwaitu, tuuze mbuzi gani?" Nilimwonyesha yule aliyenipiga kichwa. Ukamwuza.

Na ule mwaka wa mahindi. Ulisimama nami pale kwenye shamba la chini, mbegu za mahindi mkono mmoja, za ndengu mkono mwingine, ukaniuliza tupande nini. Mtoto gani angejibu ndengu? Nilipenda mahindi ya kuchoma. Nikasema mahindi. Mama alikuwa amesimama na jembe, akakuangalia, ukamwambia, "Mwaitu amesema." Tukapanda mahindi. Mvua ilinyesha kidogo ikaondoka kama mgeni mwenye haraka, na mahindi yakakauka yakiwa yamefika magotini. Nilijificha nyuma ya tangi. Ulinitafuta ukanipata, ukanipa panga dogo, tukaenda kuyakata pamoja kuwa chakula cha ng'ombe. Hukusema kitu kuhusu nani alichagua. Ulizungumza juu ya ng'ombe tu, kwamba atafurahi. Msimu uliofuata ukaja tena na mbegu mikono miwili. "Mwaitu, tupande nini?" Nikasema ndengu, ukasema haya.

Nimeukumbuka mwaka huo sana wiki hizi.

Asubuhi uliyoondoka kwenda Nuu kununua ndengu nilikufungulia lango. Mama alikuwa amekutuma kwao umpelekee mama yake sukari na leso, nawe ulikuwa ukilalamika kwamba mfanyabiashara hawezi kutembea na leso ya maua mkononi. Ukaniambia, "Hiyo maneno ya chuo, nikirudi tutaketi tuimalize." Nikasema sawa, Baba. Sikukuangalia ukienda. Nilikuwa na uji motoni.

Abdi ndiye aliyepiga simu, yule rafiki yako mwenye stoo pale Nuu, ambaye mmekuwa mkinunua naye ndengu tangu sijaanza shule. Alimwomba Mama aketi kwanza. Alisema ulikuwa ukipima magunia, ukasema kifua ni kizito, ukaketi juu ya gunia, ukaomba maji. Walikukimbiza hospitali ya mjini Mwingi. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza, "Leso ilifika?" Nilidhani amechanganyikiwa. Baadaye nilielewa. Alikuwa anatafuta kitu kimoja tu siku hiyo ambacho kilikwenda kama kilivyopangwa. Ilikuwa imefika.

Sasa nifike kwenye mkutano.

Baada ya mazishi, kabla ya ndugu zako kurudi makwao, Baba Mkubwa Nzioka aliitisha watu wa nyumba waketi. Kulikuwa na mambo ya shamba na ya ng'ombe, yakaisha upesi. Halafu akasema, "Imebaki hii ya mtoto kwenda chuo, na siku za kuchagua zinaisha." Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka na Mwende. Nilijua nitakachoulizwa na sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekutafuta katika kila neno ulilowahi kusema. Je, uliposema Cha Juu sauti yako ilipanda? Ulipokuwa ukisifu maabara mpya za Cha Chini ulimaanisha? Nilitamani uwe umeacha upande mmoja hata kidogo, nami ningeufuata nikiwa nimefumba macho.

Baba Mkubwa hakuniuliza. Aliwageukia watu akasema, "Mimi marehemu aliniambia. Tulisimama na yeye hapo kwa mnada wa mbuzi, akasema, Nzioka, msichana anaenda Cha Juu. Hiyo ndiyo neno aliacha. Sisi ni watu wa kanisa, mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa, lakini neno ya marehemu hairukwi."

Kila mtu pale alijua asemacho. Hakulitaja neno lenyewe, kiumo, ile laana ambayo wazee husema humfuata mtoto aliyevunja neno la mzazi aliyekufa. Tunaimba kanisani kwamba tumewekwa huru, na ninaamini hivyo, Baba, lakini nikiwa nimeketi pale nilihisi baridi miguuni. Kwa sababu niseme ukweli, siku hiyo mimi nilikuwa nikielekea Cha Chini. Kwa sababu ya Mama. Nani angebaki naye? Nilikuwa nimeshajipangia kurudi kila mwisho wa wiki, kuteka maji, kumsaidia Mwende na masomo, kukaa kwenye kiti ambacho sitaki kukitaja. Na sasa naambiwa ulitaka Cha Juu.

Kabla sijapumua, Mama Kanini akainua mkono. Yeye si wa ukoo, lakini ni nani angemzuia, ndiye aliyekuwa akipika. "Mzee, nisamehe. Baba Syombua alikuja kwa mashine yangu siku ile matokeo ilitoka. Hakuwa hata na mahindi ya kusaga. Alisimama tu. Akaniambia msichana wake anaenda Cha Chini kuwa injinia. Cha Chini. Alisema kwa sauti mpaka nikazima mashine nisikie."

"Labda mashine ilikuwa inanguruma," akasema Baba Mkubwa.

"Nimesema niliizima."

Hapo Baba Mdogo Kimeu, aliyetoka Kasikeu, akaanza. Unamjua. Hata kwenye mazishi yako alishindwa kukaa kimya. "Nzioka," akasema, "wewe marehemu alikuwa anakuambia kile unataka kusikia. Hata ile mbuzi yako ya mguu mbovu alikuambia ni nzuri. Mimi nilikuwa hapo. Ulipoenda akaniambia, hiyo mbuzi itakufa kesho."

"Ilikufa?" Mwende akauliza.

"Ilikufa kesho yake," akasema Baba Mdogo.

Watu walicheka huku wakijizuia. Baba Mkubwa hakucheka. Akasema jambo hili si la mchezo, kwamba kuna neno mbili hapa na moja lazima iwe ya kweli, na mtoto hawezi kuondoka nyumbani bila kujua ni ipi. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimemshika Mwende mkono kwa nguvu hadi akanifinya ili nimwachilie.

Ndipo Abdi akakohoa. Alikuja mazishini kutoka Nuu na kijana wake na mbuzi wawili wa matanga, na siku ya mkutano alikuwa ameketi karibu na mlango, kofia yake nyeupe magotini. Akasema, "Mimi si mtu wa hii boma. Nikikosea mnisamehe. Lakini ile siku ya mwisho alikuwa na mimi. Wallahi, asubuhi tulipokuwa tunakunywa chai, aliambia wapakiaji msichana wake anaenda Cha Chini. Wakampongeza. Mchana akaja mnunuzi mwingine kutoka Garissa, akamwambia huyo msichana anaenda Cha Juu. Nikamwuliza, mzee, kwani una wasichana injinia wawili? Akacheka. Akasema, Abdi, niache, nikisema jina moja tu inaisha haraka."



Nilimtazama Mama. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, nami nikainuka nusu nikidhani analia. Alikuwa anacheka, Baba. Alikuwa na leso mdomoni akicheka na machozi yakimtoka. "Huyo ni yeye," akasema. "Huyo ni yeye kabisa." Halafu akalia kweli, na Mama Kanini akaenda kumkalia karibu.

Kwa hiyo sasa najua ulikokuwa siku ile ya matokeo. Ulikuwa ukizunguka soko la Kathonzweni, duka hadi duka, na hukuweza kuchagua chuo kimoja kwa sababu ungemaliza haraka raha ya kusema. Mimi nimekuwa nikikufuatilia kwa wiki nzima kama mpelelezi nikitafuta neno lako la mwisho, kumbe ulikuwa unajivunia tu. Sijui kama kuna kitu kilichowahi kunifurahisha na kuniumiza kwa wakati mmoja namna hiyo. Ningekuwa nimejua nikiwa nawe ningekutania hadi ukimbie.

Baba Mdogo ndiye aliyeanza tena. Safari hii sauti yake haikuwa ya utani. Akasema, "Basi ndugu yetu hakuacha neno. Nzioka, usinune. Hakuacha. Na mimi naona tumekosea tangu tuketi. Huyu ni nani?" Akaninyooshea kidole. "Huyu si Syombua? Huyu ni mwaitu. Mama yetu, mimi na wewe. Tangu lini sisi tunaketi kuamulia mama yetu mahali ataenda?"

Baba Mkubwa alinitazama. Nadhani hakuwa amewahi kunitazama hivyo, kwa sababu ni wewe peke yako uliyekuwa ukilibeba jina hilo kila siku. Kwa ndugu zako lilikuwa la salamu tu. Kisha huyo mzee mkali, mwenye mvi nyingi kuliko wewe, akaondoa mgongo kwenye kiti, akasema kwa upole, "Ni ukweli. Mwaitu, sema."

Kila mtu alikuwa akinitazama, nami nikaona kwamba nilichokuwa nikikiogopa hakikuwa kiumo. Nilikuwa nikiogopa hasa hili, kwamba ningepewa nafasi ya kusema. Nikawaambia, "Nipeni hadi kesho." Baba Mkubwa akasema, "Kesho ni sawa," na mkutano ukafungwa kwa maombi.

Kesho yake tulikuwa tukipepeta ndengu zilizobaki, mimi na Mama peke yetu. Upepo ulikuwa mzuri. Alipepeta, kisha akasema bila kunitazama, "Mimi nataka uende Cha Chini."

Nikasema, "Najua, Mama."

"Nataka. Sitakudanganya. Nyumba hii ni kubwa sana sasa." Akapuliza makapi. "Lakini usinifanye mimi sababu. Ukienda huko kwa sababu yangu, siku utakayochoka utanitazama mimi. Nilitoka Nuu nikiwa msichana kama wewe, nikamfuata baba yako hapa, na hapa watu walicheka Kikamba changu mpaka nikaogopa kwenda kisimani. Mama yangu alibaki peke yake. Hakuniita nirudi. Angeniita, ningerudi." Halafu akanipokonya ungo akasema ninapepeta kama mtu anayefukuza nzi.

Niliacha kupepeta nikaenda kuketi karibu na tangi. Nilijaribu kufanya kama nilivyofundishwa, kuandika faida upande huu na hasara upande ule, na kama Mwalimu Musyoka alivyosema, mizani haikusogea. Basi nikafumba macho nikajaribu kujiona. Nikiwa Cha Chini nilijiona Ijumaa nikipanga mfuko wa kurudi nyumbani. Kila nilipojaribu kujiona darasani, nilikuwa nikitazama saa. Nikajaribu Cha Juu. Na kitu kilichokuja akilini ni kidogo sana hadi naona haya kukuandikia.

Mwaka jana alikuja shuleni kwetu dada mmoja anayesoma Cha Juu, kuzungumza na wasichana wa sayansi. Tulimwuliza kuhusu hesabu na karo na chakula. Alipokuwa akiondoka alitaja, kama jambo la kawaida, kwamba kutoka mabweni hadi madarasa ya uhandisi wanavuka mto kwenye daraja la miguu, na kwamba mto huo hukimbia mwaka mzima. Hata mwezi wa nane, akasema. Wasichana wengine hawakusikia. Mimi niliduwaa. Baba, mimi sijawahi kuona mto ukikimbia mwezi wa nane. Mito ninayoijua ni ya mchanga. Hujaa siku moja kwa hasira, ikabeba mtu na mbuzi, kisha ikalala, na sisi tukaenda kuichimba kwa sufuria. Ninataka kujenga madaraja na sijawahi kuona maji yakipita chini ya daraja siku mbili mfululizo. Nataka kujua maji yasiyo na haraka hufanya nini kwenye nguzo. Nataka kuyasikia nikienda darasani.

Ndiyo sababu yangu yote. Haihusu alama wala bodi. Nilijiuliza kama mtu anaweza kuchagua miaka mitano ya maisha kwa sababu ya mto. Kisha nikaona kwamba mizani ikiwa imesimama kabisa, hata punje moja inatosha.

Niliogopa kukosea. Bado naogopa. Labda nitafika nikute baridi inanivunja mifupa, labda nitamlilia Mama kwenye simu muhula mzima. Lakini mimi ndiye nitakayekuwa nimechagua, na nikikosea, nitashika panga dogo nikate kilichokauka, nione ni nani anaweza kulishwa nacho.

Nilirudi kwa Mama nikamwambia kabla sijamwambia Baba Mkubwa. Aliendelea kupepeta. Makapi yalikuwa yakimwingia kwenye nywele na hakuyafuta. Mwishowe akasema, "Mto?" Nikasema, "Mto." Akasema, "Aiya." Halafu akaniambia nilete gunia jingine.

Jana tulikwenda Wote, mimi na yeye, kwenye saiba, lile duka la kompyuta za intaneti karibu na soko. Binti mwenye saiba alinijazia yote, akanionyesha jina la chuo, akaniuliza, "Una uhakika? Nikibonyeza hii imeenda." Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilihisi pumzi yake. Nikasema nitabonyeza mwenyewe. Nikabonyeza.

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali, na watu walikuwa wakipita na mifuko yao kama siku yoyote. Mama alitangulia hadi tukafika karibu na nyumbani, pale njia inapogawanyika kuelekea shamba ulikolala. Akasimama. Akasema, "Nenda ukamwambie baba yako." Yeye akaendelea na njia ya nyumbani.

Nilikuja, Baba. Sijui kama unajua. Udongo wako bado haujalala. Baba Mkubwa anasema tungoje mvua mbili ndipo tuweke simiti. Nilisimama upande wa miguu kwa sababu niliona vibaya kusimama upande wa kichwa. Nilitaka kusema kwa sauti, kama ulivyosema wewe sokoni, na sauti haikuja. Nilisimama tu hadi Mwende akaniita. Ndiyo maana nimeketi hapa na kalamu. Kuandika naweza.

Basi nakuambia. Nimechagua Cha Juu. Hukuniambia nichague hicho wala hukunikataza, na hakuna mtu mwingine wa kusifiwa wala kulaumiwa. Ukiwa huko uliko mtu akikuuliza msichana wako amekwenda wapi, sasa una jina moja tu la kusema. Najua litaisha haraka. Liseme polepole.

Nakuahidi nitasoma hadi mwisho, hata ikiwa ngumu. Nakuahidi simu itakayomfikia Mama kila jioni ya Ijumaa ni yangu, na kwamba Mwende atafundishwa, tena na mimi, ni lini aseme, "Baba alifariki," akiwa tayari yeye mwenyewe. Na mwezi wa nane utakapofika nikiwa huko, nitakwenda kwenye lile daraja kabla ya darasa, nisimame katikati, nishike chuma, nisikilize. Nitakaa hata nikichelewa. Nawe ukiweza, ukipewa ruhusa, njoo usikilize nami.

Pumzika, Baba. Kazi ya leo imekwisha, na ndengu ziko ndani.

Mtoto wako,
Syombua